"Paper over the cracks": kufunika nyufa bila kuziziba

Swali: "Habari za kazi, mwalimu. Katika ripoti ya mradi niliyomwandikia mteja kwa Kiingereza niliweka sentensi hii: 'We have papered over the remaining work and will complete it next month.' Nilimaanisha kwamba sehemu ambazo hazijakamilika tumezifunika kwa muda, tutazimaliza mwezi ujao. Msimamizi wangu aliifuta yote na kuandika pembeni: 'Unataka watushtaki?' Kamusi inasema tu kwamba msemo huo ni wa kuficha kasoro. Nimekosea wapi, hutumikaje, na kwa Kiswahili tuuseme vipi?"

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa angeweza kukueleza kwa upole zaidi. Mteja angeielewa sentensi yako bila shida, ila angeelewa jambo jingine kabisa. Wewe ulitaka kusema kwamba kazi haijaisha na mmeisitiri kwa muda. Yeye angesoma kwamba kuna kasoro mnazozijua na mmezipamba ili zisionekane. Kwa mteja, hilo la pili linasomeka kama kukiri udanganyifu, na mmelitia saini wenyewe.

Msemo kamili ni "to paper over the cracks". Neno "paper" hapa ni kitenzi: kubandika karatasi ya ukutani, ile yenye rangi au maua inayopakwa gundi na kulazwa juu ya plasta badala ya rangi. "Cracks" ni nyufa. Huko Uingereza karatasi hizo zilitozwa kodi kuanzia mwaka 1712 hadi 1836. Kodi ilipoondolewa, na mashine za kuzichapa kwa rola zikaanza kazi muda mfupi baadaye, bei ilishuka na karatasi zikaingia hata katika nyumba za watu wa kipato cha chini. Kwa hiyo msemo ulipoanza kuzoeleka, karibu kila msomaji alikuwa ameshaona ukuta uliopasuka ukibandikwa karatasi na kuonekana mpya.

Inafaa kujua kinachotokea kwenye ukuta wenyewe, maana matumizi yote ya msemo yanatoka pale. Karatasi ikilowa gundi hutanuka, ikikauka hujikaza juu ya plasta. Ufa mwembamba uliotokana na plasta kusinyaa ilipokuwa inakauka haujongei tena, na karatasi inaweza kukaa juu yake miaka mingi bila tatizo. Ufa unaotokana na msingi kuzama au ukuta kuhama huendelea kufanya kazi chini kwa chini. Siku moja karatasi huchanika kwa kufuata mstari uleule, au hujikunja, na kama maji yanapenya, doa la unyevu hujitokeza juu ya maua. Ukarabati wa kweli una hatua zake: kuuchimba ufa uwe na umbo la V, kufagia vumbi, kulowesha kingo, kujaza dawa ya kuzibia, kubandika utepe wa wavu pale panapohitajika, kupiga msasa, kisha ndipo karatasi ije. Anayefanya "papering over" ameruka zote hizo akaenda moja kwa moja kwenye karatasi.

Msemo huu, kusema kweli, unawaonea mafundi. Uingereza kuna jedwali linalotumiwa sana na wakaguzi wa majengo, Digest 251 la Building Research Establishment (taasisi ya utafiti wa majengo), linalopanga madhara kwa makundi, na upana wa nyufa ni kipimo kimojawapo. Nyufa zisizozidi milimita 0.1 hazihesabiwi kuwa tatizo. Zile za hadi milimita 1 hurekebishwa wakati wa kupamba nyumba kwa kawaida. Za hadi milimita 5 huzibwa kwa urahisi, na zikiwa na tabia ya kurudi, jedwali lenyewe linakubali zifunikwe kwa tandiko linalofaa la ukuta, ambalo laweza kuwa karatasi. Kuanzia milimita 5 hadi 15 ndipo nyufa zinapotakiwa kufunguliwa kidogo na kuzibwa na fundi mwashi. Kwa maneno mengine, kubandika karatasi juu ya ufa kuna wakati ni kazi halali. Katika lugha ya mafumbo uhalali huo haupo: ukiusema msemo huu kuhusu kazi ya mtu, umemlaumu.

Kuhusu asili yake, maelezo yanayotolewa sana yanaupeleka kwa Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo. Mwezi Agosti 1865, akiwa Gastein, ambako Prussia na Austria zilikuwa zinagawana usimamizi wa majimbo mawili, Schleswig na Holstein, aliandika kwamba walikuwa wanafanya kazi kwa bidii kulinda amani na kubandika nyufa za jengo. Kijerumani chake kinasema juu ya kubandika nyufa kwa gundi. Waingereza walipoyahamisha maneno hayo wakaleta karatasi ya ukutani, na msemo unaonekana katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mkataba wa Gastein ulimpa Prussia usimamizi wa Schleswig na Austria ule wa Holstein. Juni 1866 nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Ukitaka mfano mmoja wa kukumbuka maana ya msemo, chukua huo: pande mbili zilijua mgogoro upo, zikaandika kitu kinachofanana na maelewano, na ndani ya mwaka mmoja karatasi ikachanika.

Katika matumizi ya kawaida, basi, kuna mambo matatu ambayo msomaji wa Kiingereza huyachukulia kuwa yapo hata kama hukuyataja. Kuna kasoro ya ndani, si pungufu la juujuu. Kuna kitu kimewekwa juu yake kinachofanya mambo yaonekane mazima. Na kasoro inaendelea, kwa hiyo itajitokeza tena. Kazi yako haikuwa na la kwanza: sehemu ambayo haijajengwa haina ufa, haipo tu. Hapo ndipo sentensi yako ilipopotea.

Jambo ambalo kamusi nyingi hazilielezi vizuri ni suala la nia. Mtendaji akiwa mtu au taasisi, nia ya kuficha husikika: "The directors tried to paper over the cracks before the annual meeting" ni wakurugenzi wanaojua wanachofanya. Lakini mara nyingi sana mtendaji katika sentensi hizi ni kitu: ushindi, fedha, mkataba, ukuaji wa uchumi. "Saturday's win papered over the cracks" ni sentensi ya kila wiki katika uandishi wa soka wa Uingereza. Hakuna aliyemdanganya mtu. Timu ina ulinzi mbovu, ila mabao matatu yamewafanya mashabiki wasiuone. Hapo maana ni kwamba matokeo mazuri yamefunika udhaifu, na lawama, kama ipo, ni kwa wanaoridhika. Ukikutana na msemo katika habari, mtafute kwanza mtendaji wake. Akiwa mtu, tafsiri kwa kitenzi cha kuficha. Kikiwa kitu, tafsiri kwa kitenzi cha kufunika, vinginevyo utampa mtu dhambi ambayo mwandishi hakumpa.

Kuna uwanja mmoja ambako lawama imepungua karibu kuisha, nao ni wa waandishi wa programu za kompyuta. Wao husema maktaba fulani (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumiwa) "papers over the differences between browsers", yaani inasawazisha tofauti za vivinjari ili mtumiaji asihangaike nazo. Hiyo ni karibu sifa, japo bado ina kivuli cha onyo: tofauti zipo palepale chini, na siku moja zitavuja. Kama mteja wako ni wa fani hiyo, huenda asingeshtuka sana. Lakini hata wao wangesema hivyo kuhusu tofauti za mifumo. Kazi ambayo haijaandikwa wasingeitaja kwa msemo huo.

Tuje kwenye sarufi, kwa sababu hapa wanaojifunza huteleza hata pale maana inapokuwa sawa.

Shamirisho la "paper over" lazima liwe kasoro. Husemi "paper over the wall" wala "paper over the marriage". Hufunikwa "cracks", "differences", "divisions", "problems", "weaknesses". Jengo lenyewe huja baadaye kwa "in": "the cracks in the alliance", "the cracks in the marriage". "Cracks" huwa wingi na hutanguliwa na "the". Ukiandika "paper over a crack", msomaji ataanza kufikiria ukuta halisi. Neno "over" halidondoki, hata katika hali ya kutendwa: "Their differences were papered over." Kwa kiwakilishi, "paper over them" ndiyo njia salama. Kifaa kilichotumika kufunika huingizwa kwa "with", kama vile "paper over the cracks with money". Waandishi wa Marekani mara nyingi huacha "cracks" kabisa na kusema "paper over disagreements". Maana ni ileile.

Maneno yanayopenda kukaa jirani nao ni "merely", "only", "simply", "try to", "attempt to", na ukanushi wa aina ya "no amount of money can paper over...". Ukiwaona hao, jua mwandishi anajiandaa kukosoa. Na ukisoma "the cracks are beginning to show", huyo ni ndugu wa msemo huu: karatasi imeshindwa.

Tahadhari na mengine yanayofanana kwa sura tu. "To paper a deal" katika lugha ya wanasheria na benki ni kuyaweka makubaliano katika maandishi, jambo jema kabisa. "To paper the house" ni ya watu wa jukwaani: kugawa tiketi za bure ili ukumbi uonekane umejaa. "Fall through the cracks" ni mtu au jambo lililosahauliwa kwa kupita kati ya mianya ya utaratibu. Hapo nyufa ni mianya ya sakafu na hakuna anayezifunika.

Sasa, je, Kiingereza kina msemo wa kile ulichotaka kusema? Kipo zaidi ya kimoja, na tofauti zake ni za kuchunga. "A lick and a promise" ndio ulio karibu zaidi na kazi iliyoguswa haraka na kuachwa kwa ahadi ya kuirudia: "I gave the kitchen a lick and a promise." Ni msemo wa nyumbani, wa usafi hasa, una utani ndani yake, na katika ripoti ya mradi ungeonekana mzaha. "A stopgap" ni kitu cha kushikiza wakati cha kudumu kinasubiriwa, na hauna aibu yoyote. Huo unafaa ofisini. "A sticking-plaster solution", ambao Wamarekani huuita "a Band-Aid solution", ni tiba ndogo kwa jeraha kubwa: kuna tiba, ila haitoshi. "Cut corners" ni kuruka hatua ili kuokoa muda au fedha, na katika mikataba ni shutuma nzito. "Sweep under the carpet", au "rug" kwa Mmarekani, ni kuliondoa jambo machoni kabisa lisizungumzwe. Tofauti yake na "paper over" ni kwamba anayefagia chini ya zulia hataki ujue kuna jambo, wakati anayebandika karatasi anataka uone jambo zuri mahali pale. "Whitewash" hutumika zaidi kwa tume na uchunguzi unaomsafisha mkosaji. "Gloss over" ni wa maneno tu: kulipitia jambo gumu kwa haraka na kwa lugha laini. Ripoti inaweza ku-"gloss over" tatizo, ukuta hauwezi.

Waandishi wa programu, ambao kazi yao haiishi kamwe, wana "technical debt", usemi wa Ward Cunningham wa mwaka 1992: ukitoa kazi ambayo bado haijakaa sawa umekopa, na riba hulipwa kila unapoirudia. Kwa mteja wa fani hiyo neno hilo lingekuwa la haki, kwa sababu linakiri deni waziwazi. Mafundi ujenzi wa Uingereza nao wana "snagging list", orodha ya vitu vidogo vilivyobaki au vyenye hitilafu kabla ya kukabidhi jengo, na Wamarekani huiita "punch list". Maneno haya yote mawili yanafaa ripoti, kwa sababu yanataja kilichobaki badala ya kukisitiri.

Hapo ndipo ningekushauri uelekee. Katika ripoti kwa mteja, msemo wa picha ni hatari hata ukiwa sahihi. Sema nini hakijakamilika, kimehifadhiwa vipi, na kitakamilika lini: "Sections 4 and 5 are not yet complete. We have put temporary measures in place and will finish both by the end of next month." Namba za sehemu nimezitunga, weka zako. Kama ni kitu kilichofunikwa kwa mkono, turubai au ubao, andika "temporarily covered". Kitenzi "cover" peke yake hakina ubaya. Ubaya huingia ukiongeza "up": "covered up" ni kuficha uovu, na ungekuwa umeruka shimo moja na kutumbukia katika lingine.

Kwa Kiswahili, usitafsiri karatasi. "Kubandika karatasi juu ya nyufa" inaeleweka kwa kufikiri, lakini haina nguvu, kwa kuwa msomaji wetu ukuta wake huwa wa rangi au chokaa. "Kupaka rangi juu ya nyufa" inabeba picha yote: ufa, pambo, na kutoziba. "Kufunika nyufa" inatosha pale mtendaji ni kitu. Nyufa zenyewe hazina haja ya kuelezwa. Tunazitumia kwa migawanyiko siku zote, na Mwalimu Nyerere alipozungumza mwaka 1995 juu ya nyufa za taifa, hakuna aliyeuliza ni ukuta gani. Kwa hiyo "The agreement merely papers over the cracks in the coalition" huwa "Makubaliano hayo yamepaka rangi tu juu ya nyufa za muungano huo", na sentensi ya soka huwa "Ushindi wa Jumamosi umefunika udhaifu wa timu."

Wengi hukimbilia methali, na hapo sikubaliani nao. "Funika kombe mwanaharamu apite" inaonekana pacha kwa sababu ya kufunika, lakini inaelekea upande mwingine. Anayefunika kombe anasifiwa kwa busara: anasitiri jambo mpaka mchokozi aondoke, kisha analifunua. Ukiiweka mahali pa msemo wa Kiingereza, lawama ya mwandishi inageuka kuwa pongezi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ina ukuta na ufa uleule, ila inamwonya anayechelewa, na haina habari ya aliyepamba. Inafaa kuwa sentensi inayofuata, pale makala inapoeleza gharama ya kufunika. "Kuweka viraka" ni karibu na "sticking plaster": kiraka huonekana, hakimdanganyi mtu. "Danganya toto" inaweza kufaa pale nia ya kulaghai ni dhahiri na lugha ya makala ni ya mtaani, lakini katika habari ya uchumi itapiga kelele kuliko chanzo chake. Na "kulipua kazi" ni kuifanya ovyo na haraka; hiyo iweke kando kwa ajili ya "a botched job", maana aliyelipua kazi mara nyingi hata hajahangaika kuipaka rangi.

Kwa ripoti yako, kama msimamizi atataka nakala ya Kiswahili pia, andika "kazi iliyobaki imewekewa kinga ya muda" au, kama kweli kuna turubai juu yake, "imefunikwa kwa muda". Usiandike "imesitiriwa". Kusitiri huenda na aibu, na utakuwa umerudi kwa msimamizi na kalamu yake.